Nyinyoro Si Yungiyungi

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili zinazotumiwa shuleni zina kasoro moja ndogo ambayo imezaa makosa makubwa. Ukitafuta jina la ua la jamii ya lili, mara nyingi utapewa neno moja tu: yungiyungi. Basi mwandishi wa kitabu cha sayansi huliandika, mfasiri wa shairi huliandika, na muuza maua anayepanga mashada ya harusi huliamini. Lakini watu wa mwambao wa Afrika Mashariki hawakuwa na jina moja kwa maua haya. Walikuwa nayo matatu. Yungiyungi lilikuwa ua la majini, lile linaloelea kwenye mabwawa na madimbwi. Nyinyoro ilikuwa ua jekundu la mviringo linalochomoza ardhini mvua zinapoanza. Mkalamu ulikuwa mmea unaopanda vichakani na kuning'iniza maua mekundu yenye kingo za manjano. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba utengano huo wa majina matatu ni maarifa ya mimea yaliyopatikana kwa macho makini, na kwamba anayetaka kulitambua ua la lili la mwituni katika nchi zetu atafika haraka zaidi akiyafuata majina hayo kuliko akilifuata jina moja la kuazima. Sifa za maua yenyewe ndizo shahidi wangu wa kwanza. Historia ya wanabotania, ambao wamebadilisha mawazo yao mara kadhaa kuhusu mimea hii, ni shahidi wa pili.

Tuanze na jambo ambalo huwashangaza wengi: lili halisi, kwa maana ya jenasi ambayo wanasayansi huiita Lilium, haina hata spishi moja ya asili katika Afrika Mashariki. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo mia moja, na zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia: Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Upande wa kusini huko Asia zinafika hadi milima ya Nilgiri nchini India na visiwa vya Ufilipino. Upande wetu, zile zilizo karibu zaidi ni za nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, inakoota Lilium candidum, ile nyeupe inayochorwa katika picha za Bikira Maria. Lilium hutambulika kwa alama chache zinazokwenda pamoja. Tunguu lake limeundwa kwa magamba manene yaliyopangana bila ganda la nje la kuyafunika, tofauti kabisa na kitunguu cha jikoni. Shina lake ni moja, limesimama wima na lina majani kuanzia chini hadi karibu na maua. Ua lina vipande sita vinavyofanana, stameni sita zenye anta zinazobembea, na ovari iliyokaa ndani ya ua, juu ya mahali vipande hivyo vinapoungana na kikonyo. Tunda lake hukauka na kupasuka, na mbegu zake bapa hupangana ndani kama sarafu. Mtu akikuambia ameona lili ya mwituni Pugu, Shimba Hills au kando ya Ziwa Viktoria, unaweza kuwa na hakika kwamba ameona kitu kingine. Kazi inayobaki ni kujua ni kitu gani.

Yungiyungi ndilo rahisi kuliko yote, na ndiyo maana inasikitisha kwamba ndilo jina lililotawanywa ovyo. Jenasi yake ni Nymphaea. Shina lake limezikwa ndani ya tope. Kila jani hupanda juu kwa kikonyo chake kirefu na kulala juu ya uso wa maji, likiwa la mviringo lenye mkato mmoja unaoingia hadi kwenye kikonyo. Petali zake si sita, ni nyingi, na stameni zake ni nyingi zaidi, kiasi kwamba ukilipasua ua huwezi kusema kwa hakika petali zinaishia wapi na stameni zinaanzia wapi, kwa kuwa moja hubadilika kidogo kidogo kuwa nyingine. Zaidi ya hayo, Nymphaea haimo katika kundi la mimea yenye kotiledoni moja, kundi ambalo ndani yake wamo lili, vitunguu, nyasi, migomba na minazi. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba maua ya majini ya jamii hii ni tawi lililojitenga mapema sana katika historia ya mimea inayotoa maua, kabla lili na mwembe hazijaachana. Kwa nasaba, basi, lili iko karibu zaidi na mwembe kuliko ilivyo karibu na yungiyungi. Waingereza waliliita ua hili lili ya maji kwa sababu ni zuri na linafanana kidogo na lili likitazamwa kwa mbali. Hilo ni kosa la lugha yao, na hakukuwa na haja ya sisi kulirithi. Aina ya buluu iliyokoza ya mwambao wetu ilipewa jina la Nymphaea zanzibariensis na Mjerumani Robert Caspary mwaka 1877. Baadaye, mwaka 1989, Bernard Verdcourt aliiweka kuwa namna tu ya spishi iliyoenea sana, Nymphaea nouchali. Nitalirudia jambo hilo nitakapofika kwenye suala la rangi.

Nyinyoro inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Jina lake la kisayansi leo ni Scadoxus multiflorus, na imeenea kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, ikivuka bahari hadi Yemeni. Wakati wa kiangazi haionekani. Tunguu lake limejificha chini ya majani makavu, kivulini mwa vichaka na misitu. Mvua zinapoanza, huchomoza bua moja lisilo na jani, na juu yake hufunguka tufe la maua madogo mekundu ambayo yanaweza kufika 200. Kila ua dogo lina vipande sita vyembamba na stameni sita ndefu nyekundu zenye anta za manjano, na ni stameni hizo zinazolifanya tufe lote lionekane kama brashi ya mviringo. Majani huja pamoja na ua au baada yake, yakiwa laini na mapana, na vikonyo vyake hukumbatiana hata kuunda kitu kinachofanana na shina lenye madoa. Ukikuta ua la namna hii na bado una shaka, chukua moja kati ya yale madogo na ulitazame kwa chini. Ovari yake haiko ndani ya ua. Iko chini ya ua, kama kivimbe kidogo cha kijani kilichokaa kati ya kikonyo na vipande vyekundu. Alama hiyo moja inatosha kuitenga nyinyoro na Lilium milele. Tunda nalo linathibitisha: halikauki wala halipasuki, bali huwa tunda dogo jekundu lenye nyama. Na kwa kuwa Afrika Mashariki ina ndugu yake, Scadoxus puniceus, inafaa kuongeza kwamba huyo wa pili hutambulika kwa majani madogo ya ulinzi yanayobaki yamesimama kulizunguka shada kama kikombe, ilhali katika nyinyoro hulegea na kunyauka mapema.

Alama hiyo ya ovari ya chini inaigusa pia mimea ya jenasi Crinum, yenye maua makubwa meupe yaliyopigwa mistari ya waridi, ambayo huota mbugani na mabondeni na kuwapoteza wengi zaidi kuliko nyinyoro kwa kuwa kila ua peke yake lina umbo la tarumbeta kama la lili. Mojawapo, Crinum kirkii, inabeba jina la John Kirk, tabibu aliyeandamana na Livingstone katika safari ya Zambezi na kisha akakaa Zanzibar tangu 1866, ambako baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza. J. G. Baker wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, aliieleza mwaka 1880. Hapa pia jibu liko chini ya ua: ovari ya chini, maua kadhaa yakitoka mahali pamoja kwenye ncha ya bua tupu, na tunguu lenye maganda kama ya kitunguu.

Mkalamu ni kesi ngumu kweli, na mtu mwaminifu hawezi kuipita haraka. Mmea huu, Gloriosa superba, una karibu kila kitu cha lili. Vipande vyake ni sita, stameni ni sita, ovari iko juu, tunda hukauka na kupasuka. Wanabotania wa Uholanzi wa karne ya 17, waliopokea mimea kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), waliuita lili bila kusita: Lilium zeylanicum superbum. Siwezi kusema walikuwa vipofu. Lakini mwanabotania Linnaeus alipochapisha kitabu chake cha spishi mwaka 1753 aliutoa mmea huo katika Lilium na kuupa jenasi yake mwenyewe, na sababu za kuutenga zinaonekana bila darubini. Ncha ya jani la mkalamu hurefuka na kujisokota kuwa kikono kinachoshika matawi ya mimea mingine; hakuna Lilium yenye jani la namna hiyo. Ua linainama kuelekea ardhini huku vipande vyake, vyenye kingo za mawimbi, vikigeukia juu kama ndimi za moto. Kijiti kinachobeba stigma hakifuati mhimili wa ua bali hupinda pembeni tangu kwenye shina lake, karibu pembe mraba na ovari, kana kwamba kimevunjika. Chini ya ardhi hakuna tunguu la magamba. Kuna kiazi chenye umbo la herufi V au L. Na tunda linapopasuka hutoa mbegu za mviringo zenye ngozi nyekundu ya kung'aa, si zile sarafu bapa. Alama tano, na kila moja inaonekana na mtu yeyote aliye tayari kuinama na kutazama.

Hapo ndipo swali la kihistoria linapozaliwa. Ikiwa alama zinaonekana hivyo, kwa nini wasomi waliendelea kwa muda mrefu kuziweka nyinyoro na mkalamu katika jamii moja na lili? Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu, mwaka 1789, alikuwa tayari ametenganisha makundi mawili: moja la lili na jingine la narsisi. Wanabotania wa karne ya 19 waliitegemeza tofauti hiyo kwenye nafasi ya ovari, juu au chini, wakiziita jamii hizo Liliaceae na Amaryllidaceae. Kwa mpango huo nyinyoro na Crinum zilikaa upande mmoja, mkalamu na Lilium upande mwingine. Kisha karne ya 20 ikarudi nyuma. Mmarekani Arthur Cronquist, katika mpango wake wa mwaka 1981 uliofuatwa na vitabu vingi vya vyuo, alizikusanya zote katika Liliaceae moja kubwa, kwa hoja kwamba nafasi ya ovari peke yake haitoshi kuwa mpaka. Katika hilo hakukosea: haitoshi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa ukuta mmoja ni dhaifu, basi nyumba ni moja. Miaka minne baadaye Rolf Dahlgren na wenzake walionyesha, kwa kuunganisha alama nyingi ndogo za mbegu, chavua, tezi za asali na kemia, kwamba ndani ya Liliaceae ile kubwa mlikuwa na jamii nyingi zilizojitegemea. Mwaka 1998 vinasaba vikaingia, na kundi la watafiti linalojulikana kwa kifupi kama APG likathibitisha sehemu kubwa ya utengano huo. Mkalamu leo umo katika Colchicaceae, jamii ambayo jina lake lilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Nyinyoro imebaki katika Amaryllidaceae, na tangu mpango wa APG wa 2009 jamii hiyo imeongezewa vitunguu na vitunguu saumu. Kwa nasaba, nyinyoro ni ndugu wa kitunguu kinachokaangwa jikoni zaidi kuliko ilivyo ndugu wa lili.

Kemia inastahili neno lake hapa, maana ndiyo ushahidi ambao macho hayauoni lakini mwili huujua. Mkalamu una kolchisini, sumu ileile iliyotolewa na Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820 kutoka katika mmea wa Ulaya wa jenasi Colchicum. Huzuia seli zisigawanyike, na watu nchini Sri Lanka na India wamepoteza maisha kwa kula viazi vyake wakidhani ni viazi vya chakula. Nyinyoro nayo ina sumu, lakini ya ukoo mwingine: alkaloidi za Amaryllidaceae kama likorini, ambazo ni alama ya jamii hiyo popote ilipo. Sehemu mbalimbali za Afrika zimeitumia nyinyoro kuulia samaki na kutengenezea sumu ya mishale. Hapa jina si pambo la lugha. Anayesema ameumwa baada ya kula yungiyungi, ilhali amekula kiazi cha mkalamu, anampeleka tabibu kwenye mmea ambao viazi na mbegu za jamaa zake huliwa na watu nyakati za njaa.

Sasa pingamizi la kwanza, na ni zito. Mtu atasema kwamba majina ya kienyeji hayakutokana na uchunguzi wa ovari. Yalitokana na rangi na mahali, na kufanana kwake na mpango wa wanasayansi ni bahati tu. Nakubali kwamba hakuna mkulima wa Kilwa aliyehitaji kupasua ovari ili aite ua jina. Lakini itazame hoja ya rangi kwa makini. Nyinyoro ni nyekundu na mkalamu ni mwekundu. Kama rangi ndiyo ingekuwa kigezo, mimea hii miwili ingepewa jina moja, hasa kwa kuwa yote miwili huamka na mvua na kulala kiangazi. Haikupewa. Kilichoitenganisha machoni pa walioipa majina lazima kiwe ni umbo: tufe juu ya bua tupu upande mmoja, mmea unaojishika kwa ncha za majani upande wa pili. Umbo ndilo hasa ambalo botania husimama juu yake. Wataalamu wenyewe ndio waliodanganywa na rangi. Mkalamu wa Afrika ulipewa majina mengi ya spishi kwa sababu ya tofauti za rangi na ukubwa wa ua: Gloriosa simplex mwaka 1767, Gloriosa virescens mwaka 1825, na ile iliyotoka Uganda ikaitwa Gloriosa rothschildiana mwaka 1903 kwa heshima ya tajiri wa Kiingereza. Ua hilo hufunguka likiwa na kijani na manjano na kuwa jekundu kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo mmea mmoja ungeweza kumpa mkusanyaji mwenye haraka rangi mbili ndani ya wiki moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, D. V. Field wa Kew aliyarudisha majina hayo yote chini ya moja, Gloriosa superba. Yungiyungi la buluu la Zanzibar, kama tulivyoona, lilipitia safari hiyohiyo. Watu wa mwambao walikuwa wakiliita yungiyungi muda wote huo, likiwa la buluu, la waridi au jeupe.

Nyinyoro yenyewe iliingia katika maandishi ya sayansi kwa jina lisilo lake. Thomas Martyn aliiita Haemanthus multiflorus mwaka 1795, akiiweka pamoja na mimea ya kusini mwa Afrika yenye maua mekundu; jina Haemanthus maana yake ni ua la damu. Hata hapo rangi ilitangulia. Ilichukua hadi mwaka 1976 kwa Ib Friis na Inger Nordal kuonyesha kwamba jenasi hiyo ilikuwa mbili. Haemanthus halisi ina majani manene yaliyopangwa kwa safu mbili, bila mshipa mkuu wa kati unaoonekana, na kromosomu 16. Mimea yenye majani laini yenye vikonyo na mshipa wa kati, na kromosomu 18, ilirudishiwa jina Scadoxus ambalo Rafinesque alikuwa amelitunga mwaka 1838 na likasahauliwa. Nordal ndiye aliyeandika sehemu ya Amaryllidaceae, mwaka 1982, katika ule mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, ulioanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012 ukiwa na zaidi ya spishi 12,000. Katika spishi zote hizo hakuna Lilium ya porini hata moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasomaji wa Biblia, na linanivutia zaidi. Tafsiri ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, iliandika nyinyoro katika Wimbo Ulio Bora mahali ambapo Kiebrania kina neno shoshana na Kiingereza kina lili. Baadhi ya tafsiri mpya zimeandika yungiyungi mahali hapohapo. Je, hawa wa pili hawana haki, kwa kuwa nyinyoro haioti Palestina? Haioti, ni kweli. Lakini wafasiri wa Muungano hawakuwa wakiandika kitabu cha mimea ya Palestina. Walikuwa wakitafuta ua ambalo msomaji wa Mombasa au Tanga angeliona machoni pake na sifa zilizotajwa zikalikubali. Sifa hizo ni zipi? Ua hilo ni la mabondeni. Linatajwa likiwa kati ya miiba. Katika sura ya tano, midomo ya mpenzi inafananishwa nalo, na wafafanuzi wengi wamelitumia fungu hilo kuhoji kama shoshana ilikuwa nyeupe kweli, wakielekeza macho kwenye ua jekundu kama anemone ya mashamba ya Galilaya. Ua jekundu, la bondeni, linaloota chini ya vichaka vya miiba: nyinyoro inajibu kila sharti. Yungiyungi linashindwa sharti la miiba kabisa, kwa kuwa halioti nchi kavu. Mahali ambapo yungiyungi lingeweza kutetewa ni katika maelezo ya nguzo za hekalu la Sulemani, kwa kuwa wataalamu wengi wameona nakshi zake zikifuata ua la majini la Misri. Neno moja la Kiebrania linaweza kuhitaji maneno mawili ya Kiswahili, na wafasiri wa zamani hawakuogopa kuchagua kwa kila mahali. Katika mahubiri ya mlimani ya Mathayo hawakutumia jina lolote kati ya haya, waliandika maua ya mashamba tu, na naona walifanya vizuri kwa kuwa maneno yale yanahusu maua yote.

Wako pia watakaosema kwamba majina ya mimea katika Kiswahili hayana uthabiti wa kuaminika: huku mkalamu, kule kimungu, kwingine jina la lugha ya bara. Hilo lilijulikana zamani na halikuwazuia waliofanya kazi kwa dhati. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na mwambao wa Bagamoyo tangu 1879 kwa karibu miaka ishirini, alikusanya mimea na maneno kwa pamoja; kamusi yake kubwa iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941 imejaa majina ya mimea pamoja na ya kisayansi, na jenasi Sacleuxia inamkumbuka. P. J. Greenway, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea mwaka 1937 na toleo la pili mwaka 1940. Mpangilio wake unaeleza mengi: jina la Kiswahili kwanza, la botania la pili, la Kiingereza la mwisho. Ukianza upande huo, majina mawili ya mmea mmoja si tatizo, kwa kuwa yote mawili yanafika kwenye mmea uleule. Tatizo ni jina moja linalofika kwenye mimea mitatu, na hilo limetujia kupitia kamusi zilizoanza upande wa pili, kutoka Kiingereza kuja kwetu, zikihitaji neno moja kwa kila neno. Wingi wa majina ni utajiri wa lahaja. Uchache wa majina, pale ambapo mimea ni mingi, ni upotevu.

Limebaki pingamizi la lugha hai, ambalo halikanushwi kwa kuonyesha ovari. Maneno hubadilika maana, nayo ni haki ya wanaoyatumia. Ikiwa watu wengi wameamua yungiyungi liwe lili yoyote, mwanabotania ana mamlaka gani? Nakubali kwamba hana mamlaka. Ila sidhani kwamba watu wengi wameamua. Anayeishi kando ya bwawa bado anaita yungiyungi kile kinachoelea. Walioamua ni kamusi, na kamusi inaweza kusahihishwa katika toleo lijalo. Kwa lili halisi za kununua, kama Lilium longiflorum ya visiwa vya kusini mwa Japani inayopambia madhabahu wakati wa Pasaka, soko la maua limeshapata neno, lili, na linatosha. Ni ua la kigeni lenye jina la kigeni, kama waridi lilivyokuja na jina lake kutoka Kiarabu. Hata lile ua jeupe la faneli linalopendwa harusini na kuitwa lili na wauzaji si lili wala si yungiyungi: ni Zantedeschia, la jamii moja na magimbi, na kile kinachoonekana kama petali moja ni jani lililojikunja kuzunguka mhimili wa maua madogo ya manjano. Ingizo la kamusi lingeweza kuandikwa kwa mistari mitatu tu. Lili: ua la kupandwa la jenasi Lilium. Lili ya maji: yungiyungi. Lili ya mwituni: tazama nyinyoro, mkalamu. Na chini ya nyinyoro liwekwe neno moja la kumsaidia mwanafunzi aliyeshika ua mkononi: ovari chini ya ua.